Mama wa Namba Tisa

Timu ya chuo chetu ilifungwa karibu kila Jumamosi, na kila Jumamosi mimi nilikuwa pale. Nayasema haya mapema asije mtu akadhani nasimulia habari za ushindi. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Jeshi lilikuwa Ikulu, lilikuwa sokoni, lilikuwa redioni, na lilikuwa limefika hadi kwenye urefu wa sketi zetu. Chuo kidogo cha ualimu cha wanawake, si mbali na Kyambogo, kilikuwa na timu ya mpira wa kikapu iliyo mbovu kuliko zote Kampala, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mzima mwenye akili zake, nilikuwa mshabiki wake.

Nilikuwa nimesoma hapo. Niliichezea timu hiyo miaka miwili nikiwa na namba tisa mgongoni, na vikapu nilivyofunga ukivihesabu kwa vidole vya mikono, vidole vinabaki. Lakini chuo kile kilikuwa na desturi yake. Fulana hazikuja na namba. Namba zilikatwa kwenye kitambaa na kushonwa kwa mkono, na aliyeshona alikuwa mwanafunzi wa zamani aliyewahi kuivaa namba hiyo. Ukishamshonea msichana namba yako, basi, umekuwa mama yake. Kulikuwa na Mama wa Nne, Mama wa Saba, na mimi Mama wa Tisa. Siku ya mechi unamletea mwanao machungwa, sabuni ikipatikana unamkatia kipande, na akicheza ovyo unamgombeza mbele za watu. Wenzangu waliichukulia desturi hiyo kama utani. Mimi sikuwa na mtoto wakati ule, nikaichukulia kwa uzito ambao leo unaniaibisha.

Kufungwa kwetu kulikuwa na sababu. Mwalimu wa michezo, mgeni kutoka ng'ambo, alifunga virago wageni walipoanza kuondoka, na hakuna aliyeletwa badala yake. Maduka ya vifaa vya michezo, Wahindi walipofukuzwa, yalikuwa yamegawiwa wanajeshi. Ukiingia unakuta rafu tupu na mwenye duka amelala. Mpira wetu pekee ulipasuka, ukapelekwa kwa fundi viatu pale soko la Owino, akauziba kwa kipande cha tairi. Uliporudi ulikuwa na nundu. Ukidunda kwenye nundu ulikimbilia kushoto. Wasichana waliuzoea, wakajifunza kuuwahi kushoto kabla haujafika. Kisha wakienda ugenini wanapewa mpira wa duara, wanauwahi kushoto, na mpira haupo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Na sketi. Amri ya kupiga marufuku nguo fupi haikusema lolote juu ya michezo, lakini mkuu wa chuo, mama mmoja mwoga na mwema, hakutaka kuwa wa kwanza kuuliza. Kwa hiyo binti zetu waliruka wakiwa na sketi za chini ya magoti. Timu ya wanawake wa jeshi ilicheza kwa kaptura. Waliotunga amri hawakuwa na mtu wa kuwakamata.

Mimi nilikuwa na tatizo langu jingine, nalo ni mdomo. Baba yangu alikuwa sajini wa polisi, mtu wa kaskazini, na nilizaliwa na kukulia katika kambi ya polisi, chumba kimoja kila familia. Nikifurahi au nikikasirika, kinachotoka ni Kiswahili. Kampala ya wakati ule, Kiswahili kilikuwa sauti ya askari anayekugongea mlango. Nikisimama na kupaza sauti, "Rudi nyuma! Ziba njia! Mikono juu!", watu waliokaa karibu nami walikuwa wanapungua mmoja mmoja. Wanafunzi wenzangu wa zamani, tuliolala bweni moja, walisogeza vikapu vyao vya machungwa polepole hadi mwisho wa benchi. Sikuwalaumu. Nadanganya, niliwalaumu sana, na bado.

Basi mwaka mmoja akaja msichana mrefu. Nilipokwenda kumshonea namba yangu ilinibidi nipande kwenye kiti ili nimpime mabega. Alikuwa mtu wa kaskazini pia, lakini upande wa kwao haukuwa upande wa kwetu. Kwao ndiko walikotoka askari wengi waliouawa na wenzao makambini jeshi liliposhika nchi. Kila mtu alijua, na hakuna aliyelitaja. Baba yake alikuwa mwalimu wa dini kijijini, na shule ya kijiji ilikuwa na mwalimu mmoja tu wa madarasa manne. Yeye alikuwa amekuja Kampala kwa jambo moja, kupata cheti cha ualimu na kurudi nacho kule. Mpira wa kikapu alicheza kwa sababu walimwona mrefu wakamlazimisha.

Hakuupenda mchezo, hilo ndilo lililoniuma. Wakati wa mapumziko wenzake wakinyonya machungwa, yeye alitoa daftari la mbinu za kufundisha hesabu akasoma. Nilimpokonya mara mbili. "Maama," aliniambia, kwa heshima lakini bila kucheka, "mimi nimekuja hapa kusoma." Lakini akirudi uwanjani aliunyoosha mkono, akachukua mpira juu ya vichwa vya watu wote kama mtu anayechukua sufuria rafuni, akauweka kikapuni. Kwa mara ya kwanza tukafungwa kwa pointi tisa badala ya thelathini. Halafu sita. Halafu, Jumamosi moja tukiwa nyumbani, tukashinda. Nililia, nikapiga kelele kwa Kiswahili, na siku hiyo hakuna aliyehama benchi.

Ulipofika muhula wake wa mwisho, tulikwenda kucheza Jinja. Tulipanda lori la chuo, wachezaji kumi, mlezi mmoja na mama wanne. Tulifungwa, lakini kidogo tu, na wakati wa kurudi wasichana walikuwa wanaimba. Jua lilikuwa bado juu tulipokuta kizuizi msituni Mabira.

"Wote shuka! Kaa chini!"

Tuliketi kwenye nyasi. Walikuwa askari watano. Mmoja, mwenye cheo mkononi, akaanza kukusanya vitambulisho vya chuo na kuvisoma kwa kidole. Akifika kwenye jina anamtazama mwenye jina, anamrudishia. Alipofika kwa namba tisa hakurudisha. Alisoma tena. Jina lake lilitaja kwao waziwazi.

"Hii jina natoka wapi?"

Msichana akasema, kwa Kiingereza, kwamba hajui Kiswahili vizuri. Lilikuwa jibu baya kuliko yote. Askari akamwashiria asimame, na aliposimama, urefu wake wote ukaonekana, wale wengine wanne wakageuka.

Nilisimama bila kuambiwa. Sikuwa na ujasiri. Nilikuwa na mdomo wa kambini, na ulitangulia.

"Afande, huyo mutoto ya kambi," nikasema. "Mutoto yetu hiyo."

Inabidi nieleze uzito wa maneno hayo. Kambini mtoto ni wa kambi. Baba akihamishwa, akifungwa, akifa, mtoto anahamia chumba cha jirani na kuendelea kula, na hakuna anayeuliza kabila wala dini. Mimi Mkristo nilifuturishwa Ramadhani na mama wa Kiislamu wa chumba cha pili, na yeye binti zake walisukwa nywele na mama yangu kila Krismasi. Askari, hata awe amegeuka mnyama, ama alilelewa hivyo au wanawe walikuwa wanalelewa hivyo. Ukimwambia huyu ni mtoto wa kambi, umemwambia huyu ni wako.

"Kambi gani?"

Nikamtajia yetu.

"Baba yake wapi?"

"Nakufa kazini, afande. Mama yangu nalea yeye. Sisi nakula sahani moja. Shule ya Kizungu naharibu Kiswahili yake."

Akamgeukia msichana. Mimi nilikuwa nimemshika kiwiko, nikakibana kwa kucha. "Kweli, wewe mutoto ya kambi?"

"Ndiyo, afande," akasema.

Yule mtu akacheka. Akamrudishia kitambulisho. Akaniita dada, akaniuliza kama sajini fulani bado yuko, nikasema alistaafu. Ilikuwa imekwisha. Dereva alikuwa ameshawasha lori, wasichana wanapanda, na mimi ningepanda nao na kunyamaza, na leo nisingekuwa na la kuandika.

Lakini nilikuwa mshabiki. Miaka yote ile nilikuwa nimekaa peke yangu kwenye benchi nikiangalia timu mbovu, na sasa nina mtoto anayeruka, na huyu hapa mtu anayenisikiliza kwa lugha yangu, anayetabasamu. Nikasema, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi ya lori: "Na anacheza mupira, afande! Hapana ona mutu kama yeye Kampala muzima. Kuja Jumamosi pale chuo, ona yeye naruka."

"Kweli?" akasema. Akatoa pakiti ya sigara mfukoni, akaandika nyuma yake.

Njia nzima nilikuwa shujaa. Mama wa Saba, ambaye hakuwa amekaa karibu nami tangu tumalize chuo, aliniwekea kichwa begani na kulia. Msichana mwenyewe alinishika mkono hadi Kampala. Mkono wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu mara mbili. Nilifurahi sana siku ile. Naona aibu kusema jinsi nilivyofurahi.

Wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, nikiwa darasani shuleni kwangu, mhudumu wa chuo alikuja akihema. Mkuu wa chuo ananiita. Kuna gari la jeshi uani, na ofisa anamtaka yule mama anayesema Kiswahili.

Ofisa alikuwa mtu mpole. Ningependa kusema alikuwa mlevi au alibweka, lakini alisimama nilipoingia, akanipa kiti. Yeye ndiye aliyesimamia michezo kambini kwake. Alikuwa na karatasi iliyopigwa chapa, na jina la msichana lilikuwa juu yake. Msichana alikuwa amesimama karibu na mlango, daftari mkononi, walimtoa darasani. Mkuu wa chuo alikuwa anapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Mama," ofisa aliniambia, "wewe nasema hii mutoto ni ya kambi?"

Hapo ndipo nilipofikishwa na mdomo wangu. Nikisema hapana, nimekiri kwamba niliwadanganya askari kizuizini, na msichana pia amekiri, na lori zima lilisikia na kunyamaza. Na atarudi kuwa lile jina lililosomwa mara mbili. Nikisema ndiyo, ofisa anaondoka naye. Mitihani ya cheti ilikuwa imebaki wiki sita.

Nilimtazama msichana. Naye alinitazama, na nadhani alikuwa ananisubiri nifanye tena kile nilichofanya msituni, nifungue mdomo na mambo yageuke.

"Ndiyo, afande," nikasema.

"Sasa mutoto ya kambi nacheza na raia kwa nini?" Hakuuliza kwa ukali. Alishangaa kweli. "Kambi iko na timu. Mutoto lazima narudi nyumbani."

Mkuu wa chuo, yule mama mwoga, alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alisema, kwa Kiswahili chake kibovu cha Kiganda, kilichochanganya kila r na l, kwamba mwanafunzi huyo yuko mwaka wa mwisho, afadhali amalize mtihani kwanza, nchi inahitaji walimu.

"Walimu iko mingi," ofisa akamjibu kwa upole uleule. "Mutu murefu iko kidogo."

Msichana akaondoka na sanduku la bati na godoro lililokunjwa. Alipopita karibu nami alisimama kidogo, nikadhani atanitukana, nikajiandaa kutukanwa. Alivua sweta, akavua na fulana aliyokuwa ameivaa juu ya blauzi, ile ya namba tisa, akanikabidhi ikiwa bado ina joto, kisha akapanda gari. Niliirudisha chuoni siku hiyohiyo. Sikutaka kulala nayo nyumbani.

Habari ilizunguka haraka, na ilizunguka ikiwa imepinda. Nilisikia kwamba nilimuuza. Nilisikia kwamba tangu mwanzo nilikuwa napeleka majina, na kwamba sauti ile benchini haikuwa ya bure. Mama wa Saba aliacha kunisalimia barabarani. Nilitaka kumwambia kwamba aliyelia begani mwangu ni yeye, na kwamba machozi yale hakuyatoa bure, aliyatoa kwa sababu hata yeye aliona tumepona. Sikumwambia. Niliendelea kwenda kila Jumamosi, nikakaa katikati ya benchi tupu. Aliyeniuliza kwa nini bado naenda nilimwambia anipishe. Timu ilirudi kufungwa kwa pointi thelathini, na mimi nilishangilia kwa sauti kubwa kuliko zamani, kwa Kiswahili, makusudi, hadi nikakauka koo.

Mitihani ilifanywa, ikapita. Kisha ratiba ikaleta timu ya wanawake wa jeshi kwenye uwanja wetu.

Walikuja kwa malori mawili, moja la wachezaji na moja la washangiliaji walioamriwa kushangilia. Yeye alishuka wa mwisho. Kaptura ya kijani, fulana mpya, namba ya kiwandani, nne. Walikuwa wamemkata nywele. Alikuwa amenenepa kidogo, kambini walikula. Wenzake wa chuo walimpungia mkono kisha wakaushusha wakikumbuka walipo.

Sijawahi kuona mechi ya namna ile. Dakika ya kwanza tu, mchezaji wetu wa kati akabanwa, akageuka, na kwa mazoea akamtupia mpira yeye. Aliudaka. Akasimama nao kidogo, kama mtu aliyepewa barua isiyo yake, halafu sajini wake akapiga yowe na yeye akaufunga. Watu wa chuo wakapiga makofi kabla hawajakumbuka. Mara ya pili ikatokea tena, msichana mwingine, kosa lilelile. Miaka miwili walikuwa wamefundishwa na maisha kwamba ukishindwa, mpe mrefu.

Na mimi? Alipofunga kikapu cha tatu, cha nguvu zake mwenyewe, akiwa ameruka juu ya wasichana wawili wa chuo changu, nilisikia mtu anapiga kelele, "Mtoto wangu huyo! Mtoto wangu!" Sauti ilikuwa yangu. Lori la washangiliaji likanigeukia na kunishangilia mimi. Upande wa pili wanafunzi wa zamani wote walikuwa wananitazama, nikaketi.

Tulifungwa. Sitasema kwa ngapi, maana mwisho hata mwenye kuandika aliacha kuandika.

Nilikuwa nimekuja na samahani yangu. Niliipanga tangu asubuhi, nikiwa napiga pasi. Mechi ilipokwisha na askari wakawa wanakunywa maji, nilikwenda hadi aliposimama, kando ya lori, taulo shingoni. Nikamshika mkono. Nikafungua mdomo, na yeye akawahi.

"Maama, swali la kwanza la hesabu lilikuwa nini?"

Sikuelewa mara moja.

"Kwenye mtihani," akasema. Alisema haraka, kwa Kiingereza cha chuo, akimwangalia sajini kwa jicho moja. "Wasichana lazima walikwambia."

Walikuwa wameniambia. Nikamtajia: eleza jinsi utakavyowafundisha watoto wa darasa la tatu kutoa kwa kukopa.

Akashusha taulo. Akasimama wima kama anavyosimama mwalimu, na akajibu. Angeanza na vijiti, akasema, vilivyofungwa kumikumi kwa ukoka. Asingeandika chochote ubaoni siku ya kwanza. Mtoto mwenyewe ndiye angefungua fungu la kumi kwa mikono yake, aone kwamba kukopa maana yake ni kufungua, hakuna kilichopotea, hakuna kilichoongezeka. Siku ya pili angechora vijiti. Siku ya tatu ndipo namba. Sajini akapuliza filimbi. Wenzake walianza kupanda.

"Na mtoto asiyeelewa?" nikamuuliza, kwa sababu msahihishaji angeuliza hivyo.

"Namrudishia vijiti," akasema, mguu ukiwa kwenye ngazi. "Namwacha afungue tena. Simchapi."

Nimefundisha hesabu miaka mingi, na sijasikia jibu bora. Filimbi ikalia mara ya pili. Alikuwa ameinama kutoka juu ya lori, ananitazama, anasubiri, na nikajua kwamba anachosubiri ni alama.

"Umefaulu," nikamwambia, na lori likaondoka.